Aliyeanza kwa Kuomba Maji

Akifika kwenye mji wa watu, yaani boma la familia, hata kama hana kiu, Mama Mlezi aliombaga maji ya kunywa. Hakuanza na karatasi. Hakuanza na mtoto wenu amepata alama gani. Salamu zikishazunguka, watu na mifugo na mvua vikishaulizwa hali, anakaa kwenye kigoda alichopewa, anavuta gauni lifunike magoti, anasema, "Jamani, nisaidieni maji." Basi. Halafu ananyamaza na kuangalia.

Mimi ndiye niliyekuwa namleta, kwa hiyo nilikuwa nasimama pale kwenye pikipiki nikijifanya nafuta vumbi kwenye taa. Mwanzoni niliamini ni mama wa kiu tu. Siku moja nikamnunulia chupa ya maji pale sokoni Nyamuswa, nikajiona kijana mwema kweli kweli. Akaimaliza njiani. Tukafika Butiama kwenye mji wa kwanza, akaomba maji.

Wakati wa kurudi nikamuuliza kulikoni. Akasema maji ya chupa hayaongei.

Ya watu yanaongea, kumbe. Unaangalia nani amenyanyuka kwenda kuyachukua. Unaangalia kama yametoka bombani hapo uani, au kwenye mtungi, au mtoto amechukua kidumu akapotelea bondeni mpaka wageni wameishiwa maneno. Huyo anayepotelea bondeni ndiye anayefuata maji kabla ya kwenda shule, na baada ya shule tena. Unaangalia kama kuna glasi za wageni kabatini au kikombe ni kimoja cha mji mzima. Na alikuwa anayanywa yote, hata yale yenye rangi ya chai ya maziwa. Kuna safari tumbo lilimsumbua wiki nzima, nikamshauri awe anaonja tu. Akaniambia, "Nikirudisha kikombe kimejaa, nimeshawahukumu."

Kwetu Nyamuswa walimwita Mama Mlezi kwa sababu miaka mingi alikuwa mlezi wa wanafunzi kwenye chuo kikuu kimoja cha mbali. Ndiye ambaye mwanafunzi akiugua, akikosa chumba, akikosa ada, anapelekwa kwake. Alipostaafu akarudi huku, akajenga nyumba ndogo kando ya barabara ya Butiama, akapanda mihogo, akanunua redio kubwa kuliko meza yake. Lakini chuo hakikumwacha. Kulikuwa na mfuko wa ufadhili, watoto wa mkoa wetu wakiuomba kila mwaka, na kamati iliyokaa huko mbali haikuwa na namna ya kujua nani ana shida ya kweli na nani ameiandika vizuri. Wakamwomba awe jicho lao. Yeye aende, aone, aandike alichoona, wao waamue. Jicho hilo lilihitaji pikipiki, na pikipiki iliyokuwa inapaki karibu na nyumba yake nilikuwa naiendesha mimi.

Ukoo wake siujui na sikuuliza. Kwetu ukimchimba mtu ukoo, mara unagundua ni shemeji yako na nauli imekufa.

Mimi mwenyewe nimesoma mpaka fomu foo, na matokeo yangu tusiyaongelee, watu wanakula. Ila ndoto ninazo, tena nyingi. Tangu zamani naota gereji ya pikipiki, ukuta wa bluu, vijana waliofeli kama mimi wanajifunza humo, na sisi wote tumevaa ovaroli zenye majina kifuani. Mama Mlezi aliisikia gereji hiyo kutoka Nyamuswa mpaka Bunda, na kutoka Bunda mpaka Musoma, nyuma ya mgongo wangu, mwaka baada ya mwaka. Jibu lake lilikuwa moja. "Angalia barabara, Dereva."

Jina langu alilijua, lakini aliniita Dereva tu, kama vile nimepewa cheo na serikali.

Alikaa upande, miguu yote kushoto, mwavuli uliofungwa ukiwa mkononi kama mkuki. Wigi alilibeba kwenye pochi, kwa sababu helmeti ilikuwa inaliharibu. Tukikaribia mji wa watu ananisimamisha, anajificha nyuma ya kichaka, anatoka amekuwa ofisa. Mpira wa redio aliupenda kuliko ibada, ingawa ibada hakukosa, na timu yake ikifungwa siku ya Jumamosi basi Jumapili hata amani ya Bwana hakupi kwa mkono wote, anakugusisha vidole tu. Akienda soko la Mwigobero, ziwani Musoma, kununua dagaa alikuwa anabishana bei mpaka wale akina mama wanamwita mchawi wa mizani, halafu akishapunguziwa anaacha chenji juu ya meza na kuondoka kama ameisahau. Nilimkimbilia nayo siku ya kwanza. Alinikemea.

Na alikuwa anaogopa ng'ombe. Mtu wa Mara! Ng'ombe wakipita barabarani alikuwa ananishika shati kwa nyuma mpaka vifungo vinalia. Vijana wa kijiweni walimtania sana kwa hilo. Mmoja akamuuliza, "Mama, kwani mahari yako walileta mbuzi?" Akajibu bila kugeuka, "Walileta baiskeli, na ilikuwa na breki, si kama hilo dude lako." Kijiwe kizima kikalala chini kwa kucheka. Naomba msisahau habari ya ng'ombe, nitairudia.

Sasa kazi yenyewe. Alinieleza kidogo kidogo, mara nyingi tukiwa tumesimama kungoja mvua ipite. Chuo kina vyungu viwili, alisema. Kuna chungu cha bidii na chungu cha shida. Cha bidii kinamlisha aliyefaulu kuliko wenzake, awe mtoto wa nani awe. Cha shida kinamlisha aliyefaulu vya kutosha lakini nyumbani hakuna kitu. Unga ni ule ule. Ukijaza hiki, kile kinapungua, na ndiyo maana watu wazima wenye tai wanagombana mezani. Wapo wanaosema chuo kinapata jina kwa vichwa, msipowavuta wataenda kwa jirani. Wapo wanaosema kichwa cha mtoto wa tajiri kitasoma hata bila nyinyi, mnampa mwavuli mtu aliye ndani ya nyumba.

"Na wewe, Mama, uko wapi?"

"Mimi nanyeshewa," akasema, maana paa tulilojibanza lilikuwa linavuja upande wake.

Lakini kweli sikuwahi kujua yuko wapi. Kwenye mji mmoja Butiama kulikuwa na kijana ana alama za kutisha, baba yake ana duka la jumla. Majirani walikuwa wananong'ona kwamba huyu hana haki ya kupewa. Nikadhani Mama atakuwa upande wao. Wapi! Alikaa na yule kijana muda mrefu akamuuliza habari za mimea na magonjwa yake, kijana akajibu mpaka jasho la furaha likamtoka, na njiani Mama akasema atamwombea chungu cha bidii. Nikamwambia lakini baba yake ana duka. "Usiku mzima aliokesha na kitabu ni wa baba yake?" akaniuliza. "Mtoto haadhibiwi kwa sababu ya duka la babaye."

Wiki ile ile, upande wa Bunda, tukafika kwenye nyumba ambayo upepo ukivuma unaingia sebuleni bila hodi. Kijana wa pale alizungumza shida tupu. Akiulizwa anapenda kusoma nini, shida. Akiulizwa anataka kuwa nani, shida. Mama Mlezi akakunja midomo, akamwambia, "Baba, shida si cheti." Nikaona huyu mama ana roho ngumu. Tukaondoka, njia nzima hata mpira hakuuliza. Siku chache baadaye akanituma nimpelekee yule kijana taa ya sola, nisiseme imetoka kwa nani. Nikamuuliza mbona alimkaripia. "Nilimkaripia mvivu," akasema. "Taa ni ya mwenye giza." Kwamba hao wote wawili ni mtu mmoja, yeye hakuona tatizo.

Kama kuna neno lake moja nililotembea nalo ni hili. Aliniambia, "Chukua watu wawili wametoka Bunda asubuhi, wamefika Nyamuswa saa nne wote. Mmoja umempakia wewe, mwingine amekuja kwa miguu. Utasema wamelingana?" Nikasema hapana, wa miguu ni mwanaume zaidi. "Au mwanamke," akasema. "Sasa alama ndiyo saa nne hiyo. Inaonyesha mtu amefika wapi. Haionyeshi alianza saa ngapi, wala alipanda nini."

Nilikuwa nalifikiria neno hilo kwa sababu ya dada yangu.

Nyangeta ni mdogo wangu, tumefuatana. Yeye ndiye aliyechukua akili zote zilizokuwa zimewekwa kwa ajili yetu wawili. Alimaliza fomu siksi na alama nzuri, ila si zile za juu kabisa. Chungu cha bidii kilikuwa kinampita juu kidogo, kama embe ambalo hata ukiruka unaligusa kwa kucha tu. Mkopo wa serikali mwaka ule hakubahatika. Kilichobaki ni chungu cha shida, na hapo sisi tulikuwa na sifa kamili: baba ana mguu mbovu, pamba ilikuwa imetutupa, zizini tulikuwa na ng'ombe wa kuhesabika kwa mkono mmoja, na pikipiki ninayoendesha si yangu ila napeleka hesabu ya kila siku kwa mwenyewe.

Nilimwambia Mama Mlezi dada yangu ameomba, amtume mtu mwingine kwetu maana mimi ni dereva wake. Akasema hakuna mtu mwingine. "Ila siku ya kwenu sipandi pikipiki yako, na wewe usiwepo." Nikaenda kushinda Bunda mjini siku hiyo, nikiwa nimejaa matumaini mpaka nilisahau kumdai abiria nauli.

Yaliyotokea nilisimuliwa na Nyangeta.

Jirani yetu ni Mzee Magesa, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache. Siku mbili tatu kabla ya mgeni kuja, alikuja kwa baba jioni akaomba amlindie ng'ombe wake kidogo, anarekebisha zizi. Kwetu mtu akikuletea ng'ombe umlindie, hukatai. Na huulizi sababu. Na ng'ombe wakishakuwa kwako hutangazi ni wa nani, kwa sababu mali ya mtu ni siri ya mtu, na wengine wamewekeana ng'ombe tangu enzi za babu zao bila hata wake zao kujua. Baba akakubali. Usiku ule zizi letu likajaa mpaka miiba ya ua inainama.

Alichokuwa anakifanya Mzee Magesa ni rahisi. Kijana wake, Wambura, naye alikuwa ameomba chungu cha shida. Aliposikia kuna mama anapita miji kuangalia, akaona mali aiondoe machoni. Wala hakutaka kutuumiza. Hakujua kwamba Nyangeta ameomba. Baba alikuwa ametukataza kusema, akiogopa kijicho. Mzee Magesa naye alikuwa amewakataza wa kwake kusema, akiogopa kijicho hicho hicho. Basi majirani wawili, ua kwa ua, kila mmoja anamficha mwenzake jambo lile lile.

Mama Mlezi akaja. Akaomba maji, Nyangeta akachukua kidumu akashuka bondeni, hapo tulikuwa tunafanya vizuri. Lakini wakati anangoja, ng'ombe wakaanza kulia zizini. Mama akasogea kidogo, akasimama mbali kwa ile hofu yake, akanyoosha shingo. Ng'ombe mmoja mwenye pembe lililopinda akatoa kichwa juu ya ua akamkazia macho. Mama akarudi nyuma haraka.

"Mzee, hawa wote ni wa hapa?"

Baba akasema, "Ng'ombe ni wa mji."

Hakudanganya, na hakutoa siri. Mama Mlezi akanywa maji yake, akashukuru, akaandika alichoona. Kesho yake akaenda kwa Mzee Magesa akakuta zizi limekauka, kuna kuku mmoja na mbwa.

Wambura akapata. Nyangeta alikosa chungu hiki na kile, kwa sababu alikuwa na akili kidogo pungufu kwa wa kwanza na mali kidogo zaidi kwa wa mwisho. Hakulia mbele yetu. Alifunga nguo zake kwenye mfuko akaenda Musoma kwa shangazi, kuanika dagaa Mwigobero. Nilikuwa nikipita pale na Mama Mlezi namwona dada yangu ameinama juu ya mikeka, mikono yake inameta magamba, na ninyi hamjui jinsi Nyangeta alivyokuwa akishika kalamu. Alikuwa akitusalimia kwa adabu. Mama alikuwa akinunua kwake. Kwake hakuwahi kubishana bei.

Na mimi sikuweza kusema. Baba alinikataza kwa ukali ambao sijawahi kuuona kwake. Nikawa naendesha tu. Nadhani ilipita miezi, mpaka siku moja Mama akaniuliza nyuma ya mgongo, "Dereva, ile gereji yako imefungwa?" Ndipo nikajua kumbe nilikuwa nimeacha kuota kwa sauti.

Ikawa jioni moja tunatoka Butiama. Ng'ombe wanatoka lamboni kunywa maji, barabara imejaa, nikapunguza mwendo, shati likashikwa kama kawaida. Kundi likakata kona lenyewe kuingia kwa Mzee Magesa. Aliyekuwa mbele alikuwa na pembe lililopinda. Mtu anaweza kumsahau ng'ombe aliyempenda. Aliyemtisha hamsahau.

"Simama," akasema.

Nikasimama.

"Yule alikuwa kwenu. Mmewauza?"

"Hatujauza, Mama."

"Mliwanunua lini?"

"Hatujawahi kununua."

Akawaangalia mpaka mkia wa mwisho ukaingia uani. "Mbona hukuniambia?"

"Baba alikataza. Amesema ng'ombe wa mtu ni siri ya mtu."

Nilitegemea atakasirika. Akavua helmeti, akaishika mapajani, kichwa chake chenye mvi kikiwa wazi, wigi liko kwenye pochi. "Baba yako yuko sawa," akasema. "Mimi ndiye niliyeangalia zizi nikiwa mbali. Ningesogea ningeona wale ng'ombe wanahangaika, hawajazoea pale. Hata mtoto wa hapa angeona. Nimeogopa pembe, nikamfungia mtu mlango."

Kesho yake tukaenda kwa Mzee Magesa. Ng'ombe walikuwa bado hawajatoka, wametapakaa uani kote, na mlango wa nyumba uko ng'ambo ya pili. Nikamwambia Mama nitawaswaga. Akakataa. Akafungua mwavuli, sijui kwa nini, jua lenyewe lilikuwa halijachoma, akapita katikati yao akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti mbovu sana. Yule wa pembe lililopinda akamnusa begani. Aliendelea kutembea.

Mzee Magesa alimwona tangu mbali, na uso wake ukajua. Mama akakaa, akaomba maji. Akayanywa. Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya kwa mtu. Akaomba maziwa. Mama Wambura akamletea mgando kibuyu kizima, akanywa taratibu, akajifuta.

"Maziwa mazuri," akasema. "Wambura anaendeleaje na masomo?"

Mzee Magesa akatazama chini. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, unataka kumtoa."

"Nikimtoa yule darasani, mtoto wa jirani aliyekosa hataingia kwa mlango huo. Sikuja kwa hilo."

"Wale ng'ombe wote mnawaona ni pesa," Mzee Magesa akasema, na hapo akainua macho, kwa sababu alikuwa anasema kitu anachokiamini. "Si pesa. Ni mahari ya kaka zake Wambura. Nikiuza asome mmoja, wengine wanakuwa wazee bila wake. Wewe ungefanyaje?"

Mama Mlezi akazungusha kibuyu mikononi, akasema, "Sijui, kaka yangu." Halafu akainuka kuaga, na akiwa anakung'uta gauni akasema, kama jambo dogo tu la njiani, "Kwetu sisi, mtu akilindiwa ng'ombe, anatoa ndama kwa aliyelinda. Hapa desturi hiyo imekufa?"

Mzee Magesa akachukua fimbo yake, akatoka kuwaswaga ng'ombe.

Kikao cha kamati kilipofika Mama akapanda basi mwenyewe, na uzee wake ule, akaenda mpaka chuoni. Aliporudi alinisimulia. Alisimama mbele yao akasema amekosea, na kosa lilitokana na hofu ya ng'ombe. Wakacheka, akawaacha wacheke mpaka wamalize. Halafu akawaambia habari ya watu wawili waliofika Nyamuswa saa nne. Akawaambia kuna mtoto amebanwa katikati ya vyungu vyao, na kwamba kila mwaka wapo wa namna hiyo, wala hawaji kulalamika kwa sababu wanaona aibu kusema hawakuwa wa kwanza na hawakuwa wa mwisho. Walibishana mpaka chakula cha mchana kikapoa. Mwisho wakakubali kwa mwaka unaofuata kuchota kidogo huku na kidogo kule, wamsomeshe aliyefika kwa miguu. Nyangeta akapata ada. Kitanda na chakula hakupata. Hapo unga ulikuwa umeisha.

"Nusu mlango," Mama akaniambia. Alikuwa amechoka sana, macho yake mekundu kwa vumbi la safari. "Nusu nyingine iko kwenu wenyewe."

Wiki ya chuo kufunguliwa, alfajiri, tukasikia kengele ya ng'ombe nje. Mzee Magesa amesimama ameshika kamba, na kwenye kamba kuna mtamba, yaani ng'ombe jike kijana, mnono, anang'aa kama amepakwa mafuta. Baba akatoka anachechemea.

"Nilisahau malipo ya kulindiwa," akasema Mzee Magesa.

"Walikaa siku chache tu," baba akasema. "Hiyo haistahili hata jogoo."

"Walikula sana."

Baba akamwangalia yule mtamba, akamwangalia jirani yake. "Kweli," akasema. "Walikuwa na njaa." Akapokea kamba. Hawakuongea zaidi ya hapo, wakanywa uji pamoja. Mpaka leo hakuna aliyetamka jina la Wambura wala la Nyangeta katika jambo hilo. Mtamba aliuzwa mnadani Bunda, akalipia kitanda na chakula, kwa hiyo dada yangu chuoni alilalia ng'ombe, kama tunavyotaniana.

Nimemfikiria sana Mama Mlezi kwa mambo hayo. Mtu aliyekuwa akichukia kufichaficha, alificha. Mtu aliyewaambia wakubwa ukweli wote kuhusu nafsi yake, kuhusu Mzee Magesa hakuwaambia neno. Nilimuuliza siku moja kama hiyo ni haki. Akasema haki ni kama ugali wa muhogo, ukiumiminia maji yote mara moja unapata mabuje, madonge matupu. Nilicheka, lakini sikuelewa vizuri, na nadhani yeye mwenyewe alikuwa hajamaliza kuelewa.

Sasa Nyangeta yuko mwaka wa mwisho. Mama Mlezi macho yamepungua, amehamia Nyegina kwa binti yake, na mihogo yake kule Nyamuswa namwangalizia mimi. Gereji ipo. Iko Musoma, si mbali na Mwigobero, ni bati tu juu ya nguzo, na ukuta wa bluu bado, kwa sababu ukuta wenyewe bado. Nina vijana wawili ninaowafundisha. Mmoja nilimchukua kwa sababu akishika spana injini inamsikiliza. Mwingine nilimchukua kwa sababu hakuwa na pa kulala. Ovaroli ni moja, tunapokezana.

Mwezi uliopita Mama Mlezi akaja. Binti yake alimshika mkono mpaka kwenye kreti la soda, akakaa, akavuta gauni lifunike magoti. Wigi lilikuwa limekaa upande. Akageuza uso akisikiliza nyundo.

"Dereva," akasema. "Nisaidie maji."

Nikashtuka, jamani. Nikaona mikono yangu ina oili, kikombe chetu ni kimoja cha plastiki, kimefungwa kamba kwenye dramu. Yule kijana asiyekuwa na pa kulala akawahi, akakisuuza, akamletea kwa mikono miwili. Mama akanywa yote. Akapapasa ile kamba ya kikombe mpaka mwisho wake, akatabasamu.

Nikaona hapa hapa nimuulize. Nikamwambia kuna nafasi ya kijana mmoja tu wa kuongeza, na wamekuja wawili. Mmoja mtoto wa fundi, anajua mambo mengi tayari, atanisaidia kazi kesho asubuhi. Mwingine anatoka visiwani humu ziwani, mwepesi kujifunza lakini hajui kitu, na anasema kwao hali ni mbaya. Silali vizuri. Nimchukue yupi?

Aliinamisha kichwa, nikadhani amesinzia. Nje mashua zilikuwa zinaita abiria wa mwisho.

"Umefika kwao?" akauliza.

"Bado, Mama."

Akanirudishia kikombe, kitupu. "Sasa unaniuliza mimi nini? Chukua pikipiki, chukua mashua. Nenda ukaombe maji."